Kuandaa mpango wa maendeleo endelevu wa mkoa: mwongozo kwa afisa mipango mpya

Kila afisa mipango mpya anayepangiwa idara ya uchumi ya mkoa huja na maswali yale yale. Nianzie wapi? Malengo 17 ya dunia ya maendeleo endelevu niyaweke ukurasa gani? Sura ya mazingira anaandika nani? Mbona mpango uliopita umeishia kabatini? Nimeyajibu kwa simu na kwenye korido mara nyingi mno, sasa nayaandika mahali pamoja.

Swali la sura ya mazingira ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu kosa limo ndani ya swali lenyewe. Uendelevu haukai kwenye sura. Ukiuacha hadi mwisho, miradi inakuwa imeshachaguliwa, fedha imeshagawanywa, na kazi iliyobaki ni kupamba maneno. Uendelevu ni chujio, na chujio huwekwa kabla ya kumimina. Hatua zote hapa chini zimepangwa hivyo. Kama ngazi yako inaitwa jimbo, kaunti au kanda, badilisha jina tu. Kazi ni ileile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usiandike hata aya moja kabla hujawa na hivi mezani:

- Kalenda ya bajeti, yenye tarehe ya mwisho ya kuwasilisha makadirio.
- Ukomo wa bajeti wa mwaka huu, na taarifa za fedha iliyotumika kweli kwa miaka 3 iliyopita. Iliyotumika, si iliyopitishwa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo itakayokuambia mpango wako uwe na ukubwa gani.
- Sheria na kanuni zinazoipa idara mamlaka. Barabara kuu, umeme na vibali vya maji mara nyingi viko chini ya mamlaka nyingine; usipange kazi ya mwenzako kana kwamba ni yako.
- Mpango uliopita, pamoja na taarifa zake za robo mwaka.
- Daftari la mali za umma: majengo, pampu, masoko, maghala, umri wake na hali yake.
- Sensa ya karibuni na takwimu za ajira kwa sekta.
- Programu ya ramani. QGIS ni ya bure na inatosha. Picha za satelaiti za Landsat zipo tangu 1972 na zimekuwa bure tangu 2008. Za satelaiti za Sentinel-2 zinaonyesha vitu vidogo hadi vya mita 10.
- Watu watatu wa kuwaita bila barua: mmoja wa bajeti, mmoja wa takwimu, mmoja wa mazingira.

Ukikosa daftari la mali, anza kulitengeneza leo, hata kama litakuwa na mistari 50 tu. Bila hilo hatua ya 7 haifanyiki.

Hatua zenyewe

1. Hesabu siku kurudi nyuma. Chukua tarehe ya kuwasilisha bajeti, toa muda wa kupitishwa na viongozi, toa muda wa mikutano ya wananchi, toa muda wa tathmini ya mazingira. Siku zinazobaki ndizo zako za kuandika. Karibu kila mara ni chache kuliko ulivyodhani. Mpango mzuri uliokamilika wiki moja baada ya bajeti kufungwa ni mpango wa mwaka ujao.

2. Soma mpango uliopita kama mkaguzi. Chora jedwali la safu nne: mradi, fedha iliyopangwa, fedha iliyotoka, na hali ya leo. Safu ya nne usiijaze ukiwa ofisini. Nenda ukaone, au mtume mtu akapige picha yenye tarehe. Mradi ulioandikwa "umekamilika" unaweza kuwa jengo zuri lisilo na maji. Ukimaliza, jiulize ni aina gani ya miradi ilikwama mara nyingi zaidi, na ilikwamia wapi: ununuzi, ardhi, au uendeshaji. Jibu hilo lina thamani kuliko dira yoyote utakayoitunga.

3. Pima hali ilivyo. Huhitaji takwimu mia mbili. Unahitaji chache zenye mwaka, chanzo na kipimo. Anza na hizi tatu.

*Watu.* Gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la watu kwa mwaka, utapata takriban miaka ya kuongezeka maradufu. Idadi ikikua kwa asilimia 3, itakuwa maradufu kwa miaka 23 hivi. Soko linalotosha leo lipime kwa idadi hiyo ya pili.

*Uchumi.* Kwa kila sekta, chukua mgawo wake wa ajira za mkoa, ugawanye kwa mgawo wake wa ajira za taifa. Sekta yenye asilimia 12 ya ajira mkoani na asilimia 6 kitaifa inatoa 2: mkoa wako umebobea humo. Jibu likizidi 1 sana, kuna nguvu, na kuna hatari pia, maana sekta hiyo ikiyumba mkoa mzima unayumba. Angalizo: takwimu rasmi za ajira hazioni vizuri kazi zisizosajiliwa. Kama watu wengi mkoani kwako wanajiajiri, hesabu hii itakudanganya usipoongeza taarifa za vyama vya wazalishaji na masoko.

*Maji na ardhi.* Pima maji ya mwezi mkavu kuliko yote, si wastani wa mwaka. Wastani unaweza kuonyesha mto umejaa wakati kwa wiki sita mtu anauvuka kwa miguu.

4. Weka mipaka isiyovukwa. Hili ndilo chujio, na hapa ndipo nakuomba ukae muda mrefu kuliko pengine popote.

Mipaka ni masharti ambayo mradi ukishindwa moja tu, unatoka, hata ukiahidi ajira elfu. Yaandikwe na kusainiwa kabla mtu yeyote hajaleta orodha ya miradi. Yakija baada ya orodha, kila mwenye mradi atayapinda yaukubali wa kwake. Manne yananitosha siku zote:

- Hakuna jengo la kudumu kwenye eneo linalofurika.
- Jumla ya maji yatakayotumiwa na miradi yote pamoja haizidi kile ambacho chanzo kinaweza kutoa katika mwezi mkavu, baada ya kuacha maji ya kaya na ya mto wenyewe.
- Hakuna mradi unaoondoa watu kwenye ardhi au riziki yao kabla mbadala haujapatikana na kukubaliwa nao.
- Hakuna mradi usio na mlipaji wa uendeshaji aliyetajwa kwa cheo.

Angalia maneno "yote pamoja" kwenye sharti la pili. Miradi mitatu inaweza kupita kila mmoja peke yake, kisha ikakausha mto ikiungana. Tengeneza jedwali moja la maji la mpango mzima na mtu mmoja alitunze.

Kuhusu mafuriko, zipo ramani za bure za maji ya juu ya ardhi zilizotokana na picha za Landsat tangu 1984. Zitumie, lakini usizifanye hakimu. Satelaiti moja ya Landsat hurudi mahali palepale kila baada ya siku 16, na siku za mvua kuna mawingu. Furiko la siku tatu linaweza kupita bila kuonekana. Wala usitegemee rekodi za zamani tu: hewa ikipata joto kwa digrii 1 huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua kubwa zinakuwa kubwa zaidi. Kalvati iliyopimwa kwa mvua za miaka 40 iliyopita ni ndogo kwa miaka 40 ijayo.

5. Wasikilize watu kabla hujawa na orodha. Kosa la kawaida ni kuitisha mkutano, kuonyesha miradi iliyokwisha kuamuliwa, na kuomba maoni. Watu wanajua. Watapiga makofi, watasaini daftari la mahudhurio na kuondoka.

Chapisha ramani kubwa, itandaze mezani au sakafuni, gawa kalamu. Uliza maswali ya mahali: maji hukaa wapi, barabara hukatika wapi, mnauza wapi na mnashindwa kufika lini. Nilikuwa kwenye mkutano mmoja ambapo tulikuwa tumeweka alama nyekundu ya eneo la viwanda vidogo. Mama mmoja aliinama, akaweka kidole juu ya alama ile, akasema, "Hapa, mwanangu, sisi huvua kambare." Ramani yetu ilionyesha eneo kavu. Tulienda na fundi akachimba shimo la mita moja. Likajaa maji tukiwa bado tumesimama. Kidole kile kiliokoa fedha nyingi kuliko mshauri yeyote tuliyemlipa mwaka ule.

Fanya kikao cha wanawake peke yao na cha vijana peke yao pia, na kwa saa wanazoweza kuja. Mkutano wa asubuhi siku ya soko utakuletea watu wasio na kazi siku ile. Kila hoja iandikwe, na mbele yake iandikwe idara itafanya nini nayo, hata kama jibu ni "hapana, kwa sababu hii". Kisha rudi uwasomee.

6. Oanisha na malengo ya dunia, kwa kiasi. Mwaka 2015 nchi 193 zilikubaliana Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yenye shabaha 169. Shirika la nchi zilizoendelea, OECD, lilikadiria kuwa angalau shabaha 105 kati ya hizo hazitafikiwa bila serikali za ngazi za chini kushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo kazi yako ina uzito kweli. Lakini usibandike nembo zote 17 kwenye kila mradi. Chagua shabaha 8 hadi 12 ambazo idara yako ina sheria na fedha za kuzisogeza, taja namba ya shabaha na si lengo tu, na uandike pia shabaha ambayo mradi unaweza kuiumiza. Barabara ya kwenda mashambani husaidia kipato, na hufungua msitu. Yote mawili yaandikwe.

7. Hesabu gharama za maisha yote ya mradi. Mwaka wangu wa pili kazini tulijenga ghala la baridi la mazao. Andiko lilikuwa na jina langu. Lilizinduliwa vizuri, wakulima walilitumia misimu miwili, kisha kipande cha mpira kwenye kompresa, kisichozidi upana wa kiganja, kikapasuka. Bei yake ilikuwa ndogo. Lakini hapakuwa na kasma, yaani fungu la bajeti, ya vipuri, na hakuna afisa aliyekuwa na mamlaka ya kununua. Nilipopita pale baadaye mlango ulikuwa na kufuli, na kwenye ngazi kulikuwa na kreti tupu zilizopaukia juani. Tangu siku hiyo sipokei andiko lisilo na ukurasa wa uendeshaji.

Kwa kila mradi andika: gharama ya kujenga, gharama ya kuendesha kwa mwaka (watumishi, nishati, ulinzi), matengenezo ya kawaida kwa mwaka, matengenezo makubwa na mwaka yatakapofika, na gharama ya kuondoa au kufunga mradi ukizeeka. Halafu jumlisha uendeshaji na matengenezo ya miradi yote, uongeze kwenye mzigo wa mali ulizonazo tayari. Kama idara hutumia 100 kwa matengenezo na mpango unaongeza 140, una mpango wa kujenga magofu. Punguza miradi hadi jumla iingie ndani ya fedha ambayo historia ya miaka 3 inaonyesha hutoka kweli.

Jihadhari na kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kushusha thamani ya fedha ya baadaye ili ilinganishwe na ya leo. Gharama ya 1,000 itakayokuja baada ya miaka 30, kwa kiwango cha asilimia 12 inaonekana kama 33 leo. Kwa asilimia 4 inaonekana kama 308. Hasara ni ileile, watakaoilipa ni walewale, ila kwenye karatasi moja imekaribia kutoweka. Mara nyingi wizara ya fedha imeweka kiwango rasmi. Kitumie, lakini weka jedwali la pili lenye kiwango cha chini ili viongozi waone.

8. Pima miradi iliyobaki. Iliyopita mipaka sasa ipewe alama. Vigezo vitano au sita vinatosha: ajira na kipato, nani ananufaika, maji na ardhi, uzalishaji wa hewa ukaa, uwezo wa kuhimili mafuriko na ukame, na utayari wa ardhi na vibali. Uzito wa kila kigezo uamuliwe kabla ya alama kutolewa. Alama zitolewe na watu wasiopungua watatu, kila mmoja kwa karatasi yake, kisha mjadili pale mlipotofautiana sana.

Ukishapata mpangilio, badilisha uzito kwa pointi 10 huku na kule. Kama miradi mitano ya juu haibadiliki, lala salama. Ikibadilika, waambie viongozi waziwazi kwamba uchaguzi huu unategemea wanathamini nini, nao ndio wenye kuamua.

9. Fanya tathmini ya kimkakati ya mazingira sambamba. Watu huichanganya na tathmini ya athari za mradi mmoja. Hii hupima mpango mzima na njia mbadala zake. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa agizo la mwaka 2001, na nchi nyingi zina sheria zake. Soma ya kwenu. Mtaalamu wake aingie kuanzia hatua ya 4. Akiletewa rasimu iliyokamilika, atakachoweza ni kuandika tahadhari ambazo hakuna atakayezisoma.

10. Funga kila lengo kwa namba, cheo na kasma. Jedwali la mwisho liwe na safu hizi: lengo, kiashiria, hali ya sasa na mwaka wake, shabaha na mwaka wake, chanzo cha takwimu, cheo cha anayewajibika, namba ya kasma. Lengo lisilo na kasma litoe. Najua inauma, hasa likiwa lengo ulilolipigania. Litoe hata hivyo, uliweke kwenye orodha ya kusubiri fedha.

Kiashiria kisiwe idadi ya semina zilizofanyika. Kiwe kitu kinachobadilika kwenye maisha ya watu: saa za kusafirisha mazao hadi soko, siku za mwaka bomba linatoa maji, idadi ya biashara ndogo zilizofikisha miaka 3. Na kikusanywe na mtu ambaye tayari hupita pale. Kiashiria kinachohitaji utafiti maalum kila mwaka kitakufa mwaka wa pili.

Mambo yakikwama

*Takwimu za mkoa hazipo, za taifa tu.* Usigawanye namba ya taifa kwa idadi ya watu ukaiita ya mkoa. Tumia kipimo mbadala unachoweza kukiona, kama leseni za biashara, matumizi ya umeme, au eneo la mashamba kwenye picha za satelaiti, na useme ni mbadala. Mwaka wa kwanza wa mpango weka kazi ya kupima upya.

*Kiongozi anataka mradi ulioshindwa mpaka.* Mpelekee karatasi moja: mpaka alioukubali, namba ya mradi, na njia mbili mbadala zinazompa manufaa yaleyale. Mara nyingi anachotaka ni soko kwa watu wake. Mahali ni jambo la pili. Akisisitiza, omba maelekezo kwa maandishi na uyaweke kwenye jalada.

*Idara nyingine haileti takwimu.* Acha kutuma dodoso la kurasa 12. Jaza mwenyewe unachojua, wapelekee waone na kusahihisha. Mtu husahihisha namba yenye makosa upesi kuliko kujaza nafasi tupu.

*Ukomo wa bajeti umeshushwa katikati.* Usikate kila mradi asilimia 20, utabaki na miradi yote isiyokamilika. Kata kutoka chini ya orodha ya hatua ya 8, miradi mizima mizima, na usiguse matengenezo.

*Mfadhili ameleta mradi wake tayari.* Upitishe kwenye mipaka ileile na jedwali lilelile la gharama za maisha yote. Swali la kwanza kwake liwe: baada ya mwaka mliosema mtaondoka, kasma ipi italipa, na nani amekubali kwa saini?

*Mwaka wa pili umefika na nusu ya viashiria havijapimwa.* Futa vile ambavyo hakuna aliyeviuliza. Vilivyobaki vipangie siku maalum ya mwezi, na taarifa iwe ukurasa mmoja unaobandikwa mlangoni kwa mkuu wa idara, penye macho ya kila anayeingia.